Mkandaji Aliyeogopa Mikono Yake

Nimeshakataa kuandika habari hii, tena si mara moja. Mtu anakuja na kalamu yake, anakuomba umwandikie maisha ya mdogo wako, utadhani mimi nimekaa tu nahesabu nzi. Kuandika kunaniuma kidole, na herufi zangu zinatembea kama kuku waliofungwa miguu. Lakini wamesema nisipoandika mimi ataandika mwingine, na huyo mwingine namjua, atatia chumvi mpaka chakula kisilike. Basi naandika. Mkiona neno limekosewa, lirukeni, msinirudishie.

Mdogo wangu alikuwa mkandaji. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Mkandaji, mpaka wapangaji wapya wakadhani ndilo jina alilopewa siku aliyozaliwa. Alifanyia kazi chumba cha mbele, chenye dirisha la mbao lililotazama njia ya kwenda ghala la nafaka. Mle ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa godoro jembamba, jiko la mafuta la kuchemshia maji, beseni la bati, vitambaa vizito vilivyochoka, na chupa ya mafuta ya kukandia. Ukiingia ulipokewa na joto kwanza, halafu harufu ya jasho la wanaume, halafu yeye mwenyewe, mikono ya gauni ameikunja mpaka juu ya viwiko, anakutazama mgongo kabla hajakutazama uso.

Wateja wake wengi walikuwa makuli wa ghala. Lori likiingia, wao hupanga mstari, gunia linatua begani, mtu anapanda nalo ngazi ya mbao hadi juu ya rundo, analitupa, anashuka mbio upande wa pili, anarudi kwenye mstari. Kutwa nzima. Jioni walimjia wamekakamaa kama milango iliyovimba kwa mvua, naye aliwasoma mmoja mmoja.

"Wewe unabebea bega la kulia peke yake," alimwambia mmoja. "La kushoto umelipatia likizo?"

"La kushoto lina mimba, Mkandaji."

"Basi lizae upesi, la kulia limeshazeeka."

Winchi naye alianza kuja kama wengine. Walimwita Winchi kwa sababu alinyanyua gunia kutoka chini hadi begani bila kusaidiwa, kazi ambayo wenzake waliifanya wawili wawili. Siku ya kwanza alilala juu ya meza, Mkandaji akampapasa kuanzia shingoni mpaka kiunoni, asikute fundo hata moja.

"Mgongo huu hauna kitu," akasema.

"Najua hauna. Nimekuja kuuonyesha tu."

Alimfukuza kwa kitambaa cha maji moto. Baada ya siku chache akarudi, mgongo bado hauna kitu, na yeye bado anauonyesha. Wakaoana.

Tangu hapo kila jioni, wateja wakishaondoka, Winchi alikuwa wa mwisho mezani. Watu wengine huzungumza wakila. Wao walizungumza hapo, yeye kalalia tumbo, sauti inatokea kwenye godoro, mke yuko juu yake na viganja. Bei ya vitu, ugomvi wa majirani, nani kakorofishana na nyapara, yote yalipitia mgongoni kwanza. Watoto hawakujaliwa, na hilo sitaki kuulizwa. Mkandaji aliujua mgongo wa mumewe kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Alijua penye kovu la msumari, penye mfupa unaochomoza, penye nyama nene kama mkate chini ya bega, na alijua ukibonyeza wapi atacheka hata akiwa amenuna.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Makuli wa ghala lile walikuwa na mwiko wao. Mwili ukiwa wa moto, maji hayashuki kooni. Ukisikia kiu unasukutua, unatema, unaendelea. Maji yanalegeza msuli, walisema, na aliyekunywa katikati ya kushusha lori walimcheka mpaka jua lizame. Nyapara aliupenda mwiko huo kuliko wao, kwa kuwa mtu asiyekunywa hatoki kwenye mstari, si kwenda mtungini wala kwenda chooni. Na Mkandaji alifundishwa vivyo hivyo na bibi aliyemrithisha kazi: mkande kwanza mpaka joto litoke, ndipo umpe maji. Hakuna aliyehoji. Migongo ilikuwa inapona, au watu walikuwa vijana tu, nani ajue.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kukera, upepo umekufa kabisa. Malori yalikuwa yamechelewa, yakaja yote kwa pamoja. Winchi alikuwa ametoka tu kwenye homa, lakini mwambie Winchi abaki kitandani uone. Nyapara akagawa watu vikosi viwili, akasema kikosi kitakachomaliza kwanza kinakwenda nyumbani, kingine kitafagia ghala. Maneno kama hayo ni kuwasha kiberiti kwenye majani makavu. Walikimbia na magunia kama watu wanaookoa vitu kwenye moto. Katika kikosi cha Winchi alikuwemo mzee mmoja aliyeanza kupepesuka ngazini, Winchi akamwambia akae kivulini, akabeba yake na ya mzee. Kikosi chake kilishinda. Alisukutua, akatema, akaja nyumbani anatembea kama aliyevaa suruali ya mbao.

"Nipe maji," alisema mlangoni.

"Lala kwanza," mkewe akamwambia. "Unawaka."

Mapaja yalikuwa yamevimba, magumu, ngozi inang'aa. Mkandaji hakuwahi kuona mapaja yamekaza namna ile, na kila kilichokaza yeye alikijua dawa yake. Akachemsha maji, akamkanda kwa vitambaa vya moto, akapanda na viwiko, akaweka uzito wake wote. Winchi, ambaye hakuwahi kutoa sauti mezani isipokuwa ya kupiga soga, aliguna.

"Taratibu, mke wangu."

"Ukiguna ujue inatoka."

Hakuinua mikono mpaka ilipoanza kutetemeka yenyewe. Ndipo akampa maji, naye akanywa mafunda machache akalala.

Asubuhi hakuweza kusimama. Akaletewa kopo kitandani, na alipomaliza akalitazama, akamwita mkewe. Kilichokuwa ndani kilikuwa cheusi chekundu, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

"Nimekojoa chai," Winchi alisema. "Lete sukari."

Na mdogo wangu alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho nyumba ile kusikika kicheko kwa muda mrefu.

Siku ile haikutoka chai nyingine, haikutoka chochote. Kesho yake uso wa Winchi ulikuwa umevimba, macho yamekuwa mstari. Makuli walikuja na mkokoteni, wakagombana nani asukume.

"Tulia, Winchi. Leo gunia ni wewe."

"Mkinimwaga nitawakata mshahara," alijibu, lakini sauti ilitokea mbali.

Zahanati wakamtazama mara moja tu, wakampeleka hospitali kubwa ya mji mwingine, kwenye mashine ya kusafisha damu. Mkandaji akaenda naye na kanga mbili na sahani.

Daktari wa figo alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, anayezungumza huku anatembea. Siku ile alikaa. Walikuwa kwenye benchi la ukumbi mrefu, watu wanapita na vitanda vya magurudumu.

"Mama, mumeo anafanya kazi gani?"

"Anabeba magunia ghalani."

"Basi nitakueleza kighala. Kwenye hewa tunayovuta kuna oksijeni. Huo ndio mzigo. Damu ni lori. Ndani yake kuna vitu vidogo mno, vinaitwa hemoglobini, vinapakia mzigo kwenye mapafu na kuushusha penye haja. Vyenyewe kazi yao ni kushika na kuachia, kushika na kuachia. Sasa lori likifika kwenye msuli linakuta msuli una ghala lake, na ghala lina mtunzaji."

"Mmoja?"

"Hawahesabiki, ila wote tabia yao moja. Jina lao la darasani ni mayoglobini, usijitese nalo. Huyo mtunzaji ana mkono mgumu kuliko wale wa kwenye lori. Mzigo ukipita karibu yake anaunyakua, na akiushika haachii hovyo. Anakaa nao. Malori yakiwa yanapita vizuri, yeye ametulia tu. Lakini msuli ukikaza kwa nguvu unabana mishipa, lori halipiti. Mle ndani hewa inapungua, inapungua, mpaka inakaribia kwisha. Hapo ndipo anafungua mkono."

Mkandaji akafikiri kidogo. "Kumbe mle ndani kuna bahili."

"Bahili mwenye faida. Ana chembe ya chuma katikati yake, hiyo ndiyo inayoshika oksijeni, na ndiyo inayompa rangi. Ule wekundu wa nyama buchani, watu wanadhani ni damu iliyobaki. Sehemu kubwa ni huyo. Msuli unaofanya kazi kwa muda mrefu unao wengi, kwa hiyo unakolea. Moyo ndio usiseme, maana haupumziki."

"Na mume wangu?"

"Misuli yake imepasuka. Joto, mzigo, homa, mwili umekauka. Kuta za ghala zimebomoka, watunzaji wamemwagika barabarani wakaingia kwenye damu. Kwenye msuli walikuwa msaada, kwenye figo ni balaa. Figo ni chujio, wao wameliziba. Ile chai mliyoiona ndiyo wao wenyewe wanapita. Maji mengi, mapema, yangewasukuma nje kabla hawajaganda."

Mkandaji aliangalia sakafu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtu akikandwa?"

Daktari alimgeukia. "Ulimkanda?"

"Kwa nguvu zangu zote. Na alipoomba maji nilimwambia asubiri."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti ingawa haikuwa chafu. "Msuli ulioumia ukikandwa kwa nguvu humwaga zaidi. Sitakuficha. Lakini sijui ni kiasi gani kilitoka kwa magunia, kiasi gani kwa kiu, kiasi gani kwako. Hilo hakuna mashine inayopima. Inawezekana mikono yako haikuongeza hata tone."

Yeye alisikia nusu ya kwanza tu. Mikono yake aliiingiza chini ya kanga, na ikakaa humo.

Wanaouguza ndugu zao walilala bandani nyuma ya jiko la hospitali, wakaruhusiwa wodini saa za kuona wagonjwa, kengele ikilia wanatolewa nje. Sehemu kubwa ya siku Mkandaji aliipitisha ukutani, upande wenye dirisha la wodi ya wanaume, akijua kitanda kiko wapi lakini hakioni. Alifua shati la Winchi lililokuwa safi, akalianika, akalifua tena. Alikuwa na hamu naye ya ajabu, hamu ya mtu aliye karibu. Aliniambia baadaye kwamba angekuwa safarini angevumilia, lakini kuwa ukuta mmoja naye, na kusikia akikohoa, na kujua kikohozi kile ni chake, kulimmaliza.

Figo zilikuwa zimelala. Kila baada ya siku kadhaa Winchi alifungwa kwenye mashine, damu ikatoka, ikazunguka, ikarudi, na kila asubuhi muuguzi alipita kuuliza swali lile lile.

"Maisha yangu yote," Winchi alimwambia mkewe, "sijaona mkojo ukisubiriwa kama mvua. Juzi hata mgonjwa wa jirani aliniombea."

"Aliomba nini?"

"Aliomba nimwage. Nikamwambia taja kwanza pa kumwaga."

Siku moja chakula cha wagonjwa kilikuwa kuku. Winchi alipata paja, wa kitanda cha pili kidari. Mkandaji akamwonyesha tofauti ya rangi, kidari cheupe, paja limekolea, akamweleza habari ya bahili na ghala lake, kwamba kuku anatembea kutwa ila haruki, ndiyo maana miguu ina akiba na kifua hakina. Winchi alisikiliza mpaka mwisho, akiligeuza paja lile mkononi.

"Kwa hiyo mimi ni paja," alisema, "na nyapara ni kidari."

Wodi ikacheka. Naye akanyoosha mkono auweke juu ya mkono wa mkewe, na mkewe akautoa upesi, akajifanya anafunga kilemba. Kilemba kilikuwa kimefungwa vizuri. Winchi aliona. Akaendelea kula.

Mkojo ulikuja. Siku ya kwanza kidogo tu, wa kahawia, muuguzi akaubeba kama aliyebeba mayai. Siku zilizofuata ukaongezeka, ukapauka, mpaka asubuhi moja ulikuwa na rangi ya majani makavu kama wa mtu yeyote. Wagonjwa walipeana mikono. Mkandaji alipoambiwa nje kwenye ukuta wake alichuchumaa akafunika uso, na mama mmoja aliyekuwa amefiwa usiku uliopita akaja kumfariji akidhani na yeye kafiwa.

Daktari aliwaruhusu na maneno mengi. Anywe maji. Asiguse gunia mpaka yeye mwenyewe aseme. Arudi kupimwa. Na mwisho, akimtazama Mkandaji: "Misuli ikishapoa, kukandwa polepole hakuna ubaya. Mikono laini si dhambi." Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Akili haikuwepo.

Nyumbani alifunga dirisha la chumba cha mbele. Makuli wakaja, wakagonga.

"Mkandaji, migongo yetu imekuwa mbao."

"Nendeni kwa seremala."

"Tumetoka huko. Ametutaka tuje kwako."

"Mwambieni nimeacha."

Akaanza kufulia watu nguo. Ilikuwa kazi ya kulisha nyumba, haikuwa ya kumlisha yeye. Nilikuwa nikikaa naye uani, nikaona anavyokamua shuka, jinsi kidole gumba kilivyokuwa kinatafuta kitu ndani ya kitambaa, kinasukuma, kinazunguka, halafu anashtuka na kulitupa shuka kwenye kamba. Winchi alikuwa anakaa mlangoni na kopo lake la maji, amepungua, shati limekuwa la mtu mwingine. Asubuhi alipooga nyuma ya uzio wa mabati mkewe aliacha kufua, akatazama mabega yanayoonekana juu ya bati. Alitazama kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha asiyoruhusiwa kuifungua. Bega lile nene kama mkate lilikuwa limeondoka. Alitaka kujua limeondoka mpaka wapi, na kuna kitu kimoja tu cha kujulia hilo, nacho alikuwa amekificha kwenye povu la sabuni.

Kitandani alilala ukingoni, mgongo kwake, kanga ameiviringisha mikononi kama mtu aliyeungua. Winchi naye hakuuliza. Makuli hawaombi. Mtu aliyezoea kunyanyua peke yake hajui kusema nishikie. Wakawa wanapitana ndani ya chumba kidogo kwa adabu kama wapangaji.

Nilimwambia. Mimi ni dada yake mkubwa, nisiposema mimi aseme nani. "Mdogo wangu, mwanaume huyu anakonda kwa jambo lingine, si kwa figo."

"Dada, wewe hujui mikono yangu imefanya nini."

"Na wewe hujui. Daktari mwenyewe kasema hajui."

"Ndiyo hiyo inayoniua. Ningejua nilifanya, ningetubu. Ningejua sikufanya, ningemshika." Akakamua soksi ya mtu mpaka ikakaribia kukatika. "Namtamani, dada. Namtamani na yumo ndani ya nyumba."

Mtu mzima anapokuambia hivyo uani mchana kweupe, unatazama pembeni.

Baadaye akasema, kama anayezungumza na beseni, "Yule bahili wa kwenye msuli, daktari alisema hafungui mkono mpaka ndani kuishe kabisa. Mimi nawaza, mwenye msuli anajisikiaje wakati huo, kabla hajafungua."

"Sijui," nilimwambia. "Mimi bahili ninayemjua ni wewe."

Hakucheka. Lakini alininyang'anya sabuni kwa hasira, nikajua imeingia.

Siku ya kurudi kupimwa walikwenda wawili. Daktari akasoma majibu ya damu, akasema figo zimeamka, zinafanya kazi karibu kama zamani. Gunia hapana, bado, na labda basi tena. Kutembea ndiyo, tena sana. Winchi akaona aoneshe utii wake siku hiyo hiyo, akakataa kupanda gari kutoka kituo cha mabasi, akataka watembee mpaka nyumbani. Njia ile ina mlima unaopita mbele ya fundi baiskeli. Alipanda nusu yake vizuri, kifua mbele. Halafu akasimama, akanyanyua mguu mmoja kama jogoo, na uso ukamgeuka.

Msuli wa nyuma ya mguu ulikuwa umembana. Ulijikunja chini ya ngozi ukawa donge kama ngumi. Alijishikilia ukuta wa fundi, akateleza nao mpaka chini, kati ya magurudumu yasiyo na matairi.

Fundi aliacha pampu akaja mbio. "Huu unataka kukandwa tu, mzee. Lete mguu."

"Usiguse," Winchi alisema, meno yamefungwa. "Mguu huu una mwenyewe."

Fundi akamtazama Mkandaji. Wapita njia wawili wakasimama, na wao wakamtazama. Yeye alikuwa amesimama juu ya mumewe, mikono chini ya kanga, pumzi inamwenda mbio.

"Sikandi," alisema.

"Sijasema kanda. Shika."

"Nitakuumiza."

"Ninaumia sasa hivi," Winchi alisema. "Umesimama hapo na ninaumia. Tangu hospitali ninaumia na umesimama hapo."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Donge lile lilikuwa linapanda, limeibana mishipa yote, na Mkandaji alijua kinachotokea mle ndani, alikuwa ameelezwa: malori hayapiti, akiba inatoka, inakaribia kwisha. Alijua pia dawa yake tangu alipokuwa msichana. Si kukanda. Ni kuunyoosha mguu na kungoja.

Alipiga magoti kwenye vumbi lenye mafuta ya mnyororo. Akashika kisigino kwa mkono mmoja, wa pili akauweka kwenye unyayo, akausukuma mbele polepole, vidole vikaelekea gotini, akakaa hivyo. Winchi akatoa sauti. Mikono ikataka kukimbia, akaizuia. Hakusukuma zaidi, hakuachia. Akangoja. Donge lilibaki donge, likabaki, likabaki, kisha likatetemeka kama mnyama mdogo anayeota, likaanza kulala. Joto likarudi. Alilisikia likishuka kwenye mguu kuelekea kiganjani mwake.

Fundi akasema, "Imetoka," akarudi kwenye pampu yake. Wapita njia wakapita.

Mguu ulikuwa umeshapona na Mkandaji bado ameushika.

"Nilidhani nakuchefua," Winchi alisema, akiangalia upande wa barabara. "Nilivyokonda. Nikasema, aliolewa na mgongo, sasa mgongo haupo, ana haki yake."

"Nani kakwambia?"

"Mikono yako."

"Mikono yangu ilikuwa inakuogopa."

Winchi alifikiri juu ya hilo. "Ghala zima lilikuwa linaniogopa," alisema. "Sikutegemea na mkono wako uniogope."

Mdogo wangu alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, akajifuta pua kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Walikaa hapo mpaka fundi akaomba nafasi ya kuegesha baiskeli ya mteja.

Mdogo wangu hakupona siku moja, msidhani. Jioni ile alimlaza mezani chumba cha mbele, dirisha limefungwa, asipashe maji, asishike chupa ya mafuta. Aliweka viganja viwili mgongoni bila kubonyeza.

"Bonyeza," Winchi alisema kwenye godoro.

"Sibonyezi."

"Basi viache hapo hapo. Kuna jirani aligombana na mkewe, nikusimulie?"

"Nisimulie."

Akasimulia. Na wakati anasimulia mikono ilianza kutembea yenyewe, polepole, inatafuta ule mgongo wa zamani. Haikuupata. Ilikuta mbavu, ilikuta ngozi iliyolegea mahali palipokuwa na mkate, na mdogo wangu akaulilia mgongo ule kimyakimya kama unavyomlilia mtu aliyehama bila kuaga, huku akiitikia ee, ee, ili asimuliaye asijue. Kisha mikono ikaanza kuujua huu.

Basi, mtu wangu ndiye huyo, na kidole changu kimekufa ganzi. Wewe uliyesoma mpaka hapa usiifunge karatasi ukaondoka kama uliyekula harusini. Una mtu yuko nyumba moja na wewe na hujamshika siku nyingi. Nenda kamshike kwanza, halafu ukae uniandikie habari zake, zangu ninazo. Andika herufi kubwa, macho yangu siazimi kwa mtu. Usipoleta, ukija tena kuniomba habari utaukuta mlango umefungwa, na utaongea nao.